Mkwe Aliyebeba Mtungi

Kambi ya askari wa Mdachi ilipowekwa juu ya uwanda, kati ya Mkunya na Newala, jambo la kwanza lililowashinda wageni wale lilikuwa maji. Bunduki walikuwa nazo, tarumbeta walikuwa nazo, chumvi walikuwa nayo magunia kwa magunia. Maji hawakuwa nayo. Juu kule hakuna mto wala chemchemi. Mababu walipanda huko zamani kuwakimbia Wangoni, wakakubali kukaa mbali na maji ili wakae mbali na mkuki, na tangu hapo mwenye kiu hushuka genge mpaka bondeni, akajaza mtungi, akapanda nao kichwani. Unashuka jua halijachomoza, unarudi limekwisha pata makali. Na kazi hiyo ni ya wanawake. Mwanamume hajui hata njia inakata kona wapi.

Basi amri ikatoka: kila nyumba mtungi mmoja kila siku, uwe umefika kambini kabla ya adhuhuri. Watu waliambiwa ndiyo adhabu ya vita, na waliposema kwamba huku juu hakuna aliyeinuka kupigana, wakaambiwa adhabu haichagui. Askari walikunywa, nyumbu wa mizigo walikunywa, na kuta za udongo za nyumba ya bwana mkubwa, zilizokuwa zinajengwa, zilikunywa kuliko wote. Mwanamke aliyerudi kutoka kambini na mtungi mtupu alikuwa bado hajateka maji ya watoto wake. Ilimbidi ashuke tena.

Na ule ulikuwa mwaka wa njaa. Mtama wa ghalani ulikuwa umechukuliwa kulisha askari, na wa shambani ulichomwa usije ukalisha waasi. Watu walichimba ming'oko porini, vile vizizi vyembamba ambavyo ukivichimba kutwa nzima unapata cha kuweka jinoni, si cha kushiba.

Mwanasha, ambaye kila mtu alimwita Mama Stamili, alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, mwenye ndonya, kile kipambo cha mpingo, katika mdomo wa juu na maneno machache yanayopita chini yake. Mumewe alikwisha kufa. Mungu alimpa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Rajabu, aliyeondoka na msafara wa sandarusi kwenda Lindi akiwa na miaka kumi na minne. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Wengine walisema ndui ilimkuta njiani, wengine walisema alitiwa katika wapagazi akapelekwa bara asikokujua. Mama yake hakusema kitu. Jina lile hakulitaja tena, na mtu akilitaja mbele yake aliinuka akaenda kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Wa pili alikuwa Stamili. Yeye aliolewa na kijana wa Masasi aitwaye Muharami, Myao, mtoto wa watu waliokuwa wakilima na kuuza tumbaku na vitambaa. Kama ilivyo desturi ya huku, ni mume aliyehamia kwa mke. Muharami alijenga kibanda karibu na cha mama mkwe wake, akalima shamba la mama mkwe wake, na kwa miaka minne hakuwahi kumtazama usoni. Wala mama mkwe hakumtazama yeye. Mkwe na mama wa mkewe hawali pamoja, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akageuza uso mpaka mwenzake apite. Hayo si chuki, ni heshima. Lakini heshima ina nafasi ya kuficha mambo mengi, na katika nafasi hiyo Mama Stamili alikuwa ameficha kinyongo chake.

Hakumpenda. Mwaka wa vita Muharami alikwenda Masasi kumuuguza baba yake, akasema atarudi baada ya wiki mbili. Alimzika baba yake na siku ya tatu akakuta ndugu zake wote wamekwisha kunywa dawa, wamefunga vitambaa, wanasema risasi za Mdachi zitageuka maji. Akanywa naye. Angefanyaje? Risasi hazikugeuka. Mdogo wake alianguka ubavuni pake, na yeye mwenyewe akatobolewa bega. Alirudi uwandani akipita vichakani, akafika mlangoni mwa Stamili kama kitu kilichotemwa na fisi.

"Ana mke nyumbani," Mama Stamili alimwambia jirani yake Mwanaheri, "naye anakwenda kutafuta risasi ya mtu."

Hata hivyo walimficha. Ilikuwa imetangazwa kwamba mwanamume yeyote wa Masasi asiye na cheti cha jumbe wake atiwe mnyororo apelekwe Lindi, na watu walijua kwamba njia ya Lindi ina kwenda tu, haina kurudi. Muharami akawa anashinda katika dungu la shambani, katikati ya mihogo, anarudi kwa mkewe giza likiingia. Stamili akapata mimba. Mimba ikakua, na kambi ikaja.

Wakati huo kila asubuhi ilishuka mitungi miwili kutoka kwao: wa Mama Stamili na wa Stamili. Mimba ilipofika mwezi wa saba, Stamili aliteleza kwenye genge akiwa karibu kabisa na juu. Hakuumia tumbo, Mungu alimwepusha, lakini mtungi ulipasuka vipande vipande. Alikwenda kambini mikono mitupu kueleza. Akapigwa kiboko mikono yote miwili, na kesho yake akatakiwa alete mtungi kama wenzake.

Jioni ile Muharami hakungoja giza. Alikuja akasimama nyuma ya ukuta wa kibanda cha mama mkwe wake, pale ambapo hawezi kuonekana, akasema kwa sauti ya kumwambia mkewe, ingawa mkewe alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwake.

"Stamili, mwambie mama kesho nitabeba mimi."

Stamili alitazama viganja vyake vilivyovimba.

Mama Stamili akajibu kutoka ndani, naye akimwambia binti yake. "Mwulize huyo mtu kama ana akili. Mwanamume na mtungi kichwani? Atachekwa mpaka Kitangari. Na wakimshika?"

"Mwambie mama kuchekwa hakuui."

"Mwulize mnyororo je?"

Kisha Muharami akasema, polepole, "Mwambie mama kwamba mimi nilikwenda vitani kwa ajili ya ndugu zangu. Sijafanya kitu bado kwa ajili ya nyumba hii."

Mama Stamili aliinuka kule ndani. Alichukua kitambaa kikuukuu, akakizungusha, akakikaza, akafanya ngata nzuri ya kichwani, pana kuliko ya kawaida, kwa kuwa alidhani kichwa cha mtu asiyezoea kitaumia. Akamrushia Stamili. "Mpe," alisema.

Kesho yake mkwe na mama mkwe wakaanza kushuka pamoja, kama kweli kwenda kule kunaweza kuitwa pamoja. Mama Stamili alitangulia, Muharami alifuata nyuma hatua thelathini. Mama mkwe akisimama kupumua, mkwe naye anasimama. Kwenye kona ambapo njia inajikunja na wa nyuma anaweza kumwona wa mbele ubavu kwa ubavu, Muharami alikohoa kwanza, mama mkwe akaivuta kaniki usoni. Wanawake wengine waliwaona wakacheka hadi mitungi ikayumba. Mwanamume alikuwa anapanda genge ameshikilia mtungi kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa, maji yanamchuruzika mgongoni.

Siku mbili Mama Stamili alivumilia. Siku ya tatu alishindwa kumsikia akihangaika nyuma yake. Lakini kusema naye hakuweza, basi akausemesha mtungi wake mwenyewe.

"Ewe mtungi wangu," alisema kwa sauti, bila kugeuka, "hivi umewahi kumwona mtu anayeshindana na maji? Maji hayashindwi. Mtu akilegeza magoti, akaacha kiuno kiende, maji yanatulia yenyewe. Na majani mawili ya mgomba yakielea juu, maji hayamwagiki."

Hatua za nyuma zikatulia. Kisha sauti ikajibu, "Ewe mtungi, mshukuru aliyesema."

"Wala asiniangushie vyungu vya watu," alimalizia Mama Stamili, akaendelea kupanda. Mwanaheri, aliyekuwa mbele yake, alikuwa anacheka peke yake mabega yakitikisika.

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza hivyo. Mtungi uliulizwa kama Stamili alilala vizuri. Mtungi ukajibiwa kwamba alilala, ila mtoto anapiga mateke alfajiri. Mtungi uliambiwa kwamba mwezi ujao yatatokea majani ya kunde, na mwenye macho atazame upande wa bondeni. Siku moja mtungi ulielezwa, bila kuulizwa, habari za kijana mmoja wa Masasi aliyelala mapajani mwa kaka yake, akaomba maji ya kunywa, maji ya kawaida tu, na kaka yake hakuwa nayo. Mama Stamili alisikiliza hadithi ile yote mpaka juu ya genge. Hatua zake zilikuwa fupi kuliko siku zote, ili mtu wa nyuma asipungukiwe na pumzi.

Hawakuwa wajinga. Muharami hakufika kambini kamwe. Palikuwa na kichaka cha mianzi kabla ya kona ya mwisho; alitua mtungi wake hapo akajibanza. Mama Stamili aliingiza wake kambini, akarudi, akauchukua ule wa pili kutoka chini, akauingiza pia. Siku kumi na moja walifanya hivyo.

Siku ya kumi na mbili Mama Stamili alirudi kwenye mianzi akakuta mtungi umesimama peke yake.

Aliukimbiza kambini, akimwaga njia nzima. Karibu na lango, mahali wanawake walipokuwa wamepanga foleni na mitungi yao, Muharami, aliyepitishwa njia ya vichakani, alikuwa amepiga magoti juani. Askari mmoja mrefu alikuwa ameshika nyuma ya nguo yake, na kando yake alisimama mnyapara wa maji. Mnyapara huyo aliitwa Majaliwa, mtu wa Chilangala. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na watoto sita na kofia nyekundu aliyopewa na kambi, na aliogopa kuvikosa vyote viwili. Bwana mkubwa alikaa kivulini mbele ya hema lake, anaandika. Hakuinua uso.

"Tumemkuta amejificha kichakani," alisema yule askari. "Mwanamume na mtungi. Anasema kama watu wa Masasi."

"Cheti?" aliuliza Majaliwa.

Muharami alikuwa hana. Mnyororo ulikuwa pale pale, umelazwa juu ya gogo, na watu watano walikuwa wamekwisha kufungwa wakingoja safari.

Mama Stamili alitua mtungi. Baadaye hakukumbuka kama aliamua. Alikumbuka tu kwamba miguu yake ilimpeleka mbele.

"Majaliwa," alisema.

Mnyapara alimtambua. Juu ya kofia ile yote, desturi ikamshika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwachieni huyo. Huyo ni wangu."

"Wako kivipi, mama? Mimi nilisikia binti yako aliolewa na mtu wa Masasi."

"Mtu wa Masasi alikwenda kwao wakati wa vita. Kama alikufa, kama yu hai, waulize waliompiga. Huyu ni mwanangu. Huyu ni Rajabu."

Jina lilitoka mdomoni mwake likiwa zito kama jiwe. Miaka kumi na miwili hakulisema, na sasa alilisema mbele ya lango la Wadachi, akampa mtu mwingine. Wanawake wote waliokuwa kwenye foleni walinyamaza. Walikuwa arobaini au zaidi. Wote walimjua Muharami. Siku kumi na moja walimcheka. Mmoja wao akifungua mdomo tu, mambo yamekwisha.

Majaliwa alikuna shingo. "Rajabu alipotea akiwa mtoto."

"Amerudi."

"Na kusema kama Myao?"

"Ungekaa miaka kumi na miwili kwa watu, ungesema kama nani?"

Ndipo Mwanaheri akatoka kwenye foleni, mikono kiunoni. "Wewe Rajabu!" alifoka. "Ndiyo adabu uliyojifunza huko? Siku zote hizi hujaja hata kunisalimia, mimi shangazi yako niliyekubeba mgongoni!"

"Shikamoo, shangazi," alisema Muharami, kichwa chini.

"Marahaba. Nitakuja kukushika masikio."

Wanawake wawili watatu wakacheka, kicheko cha kweli kabisa. Askari yule mrefu, ambaye hakuwa mtu wa nchi ile, alianza kulegeza mkono. Lakini Majaliwa alikuwa mtoto wa uwandani. Alijua jambo ambalo askari hakulijua. Alimtazama Mama Stamili kwa muda, akamtazama kijana, akaona jinsi walivyokuwa, kila mmoja amegeuza uso upande wake kama watu wasiofahamiana.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba radhi, "mimi nikimwachia mtu nitaulizwa. Kama ni mwanao, mlishe. Hapa hapa, kwa mkono wako. Mtazame, umpanguse uso, umlishe. Mama kwa mwanawe si jambo kubwa."

Kila mwanamke pale alishika mdomo wake.

Mama Stamili alikuwa ametunza heshima ile tangu siku binti yake alipoolewa, kama mama yake alivyoitunza, na bibi yake. Kumgusa mkwe ni kitu ambacho mtu husimulia habari zake kwa kunong'ona, kama habari za uchawi. Alifungua pindo la kaniki yake. Mlikuwa na ming'oko mitatu ya kuchemsha, chakula chake cha kutwa.

Akapiga magoti mbele ya Muharami. Akamshika kidevu, akakiinua.

Muharami alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayengoja kupigwa. Hakuwa anaogopa mnyororo. Alikuwa anamwogopa yeye.

"Nitazame, mwanangu," alisema Mama Stamili.

Akafumbua macho. Wakatazamana.

Alimpangusa jasho kwa pindo la kaniki, paji la uso, mashavu, chini ya macho. Na alipokuwa akifuta shingo aliona jambo: kule kupanda genge na mtungi kila siku kulikuwa kumefungua lile jeraha la bega, na doa lilikuwa limeanza kupenya nguo, dogo kama ukucha. Jeraha la risasi kila askari analijua. Hakusita. Aliivua ile kaniki yake ya juu, akabaki na ya kiunoni na kitambaa cha kifuani, akamfunika nayo mabegani. "Umelowa chapachapa," alisema. "Siku zote ulikuwa hivi, huwezi kubeba maji bila kujimwagia." Akavunja mng'oko, akautia mdomoni mwa Muharami kwa vidole vyake.

Muharami alitafuna. Machozi yalikuwa yanamteremka, naye anatafuna.

"Sema asante," alinong'ona Mama Stamili.

"Asante, mama."

Akamlisha wa pili. Akamlisha na wa tatu, ingawa hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa na njaa kijana yule. Mtu hawezi kumlisha mtu kinywani asijue kwamba ana njaa.

Majaliwa alikuwa amegeuka anatazama ukuta wa udongo uliokuwa unajengwa. Alikohoa. "Mwachie," alimwambia askari. "Ni mtoto wa pale. Aongezewe kubeba mawe kwa kujificha." Bwana mkubwa aligeuza ukurasa. Alikuwa na mambo mengi ya kuandika, na hilo halikuwamo. Wale watano walikwisha kutembea kwenda Lindi jua lilipopinda, na hakuna mama aliyekuwa amewafikia kwa wakati.

Njia ya kurudi hawakusema, wala mitungi haikusemeshwa. Mama Stamili alifika kwenye mianzi akaingia ndani, akakaa chini akilia mpaka Mwanaheri akaja akamfunika na nguo yake mwenyewe. "Umefanya vizuri," alimwambia. "Nimelisema jina la mwanangu," alijibu Mama Stamili. Hakuwa analia kwa ajili ya kumgusa mkwe. Mwanaheri alielewa, akamshika tu.

Jioni wazee wa ukoo walikutana. Jambo kama lile halipiti hivi hivi. Sharti litakaswe, na kulitakasa kunataka kuku mweupe na unga wa mtama. Kuku wa mwisho katika kijiji aliliwa na askari kabla ya mvua za kwanza, na unga wa mtama hakuna aliyekuwa ameuona tangu mwezi wa tatu. Mwishowe mjomba wa Stamili akasema kwamba desturi yenyewe haina miguu ya kukimbilia popote, itangoja. Wakaondoka. Hata mmoja hakumlaumu.

Stamili alikuwa amekaa kando ya moto, tumbo limemjaa mapajani, viganja bado vina makovu. Alimngoja mama yake amalize kupuliza moto.

"Mama."

"Nini?"

"Umemwonaje?"

Mama Stamili alikaa akichochea makaa. Miaka minne alikuwa amemjua mtu yule kwa mgongo, kwa kikohozi, kwa mistari aliyolima shambani.

"Sikujua kwamba ni mtoto kiasi kile," alisema. "Mimi nilidhani ni mwanamume. Ana jino la mbele limempanda mwenzake."

"Naam," alisema Stamili, akicheka na kujifuta macho.

"Na hapa," akagusa chini ya jicho lake mwenyewe, "ana kidoa."

"Najua, mama."

"Wewe unajua. Mimi ndiyo kwanza nakijua." Akaweka ukuni mwingine. "Anatafuna upande mmoja. Mwambie atafune magome ya mwembe asubuhi. Jino la nyuma linamsumbua, na wewe hukusema."

Muharami aliendelea kubeba maji, sasa mpaka ndani ya lango, na mawe pia, na kambini wote walimwita Rajabu. Mara ya kwanza Mama Stamili alipomsikia askari akiita "Rajabu!" na sauti ikaitikia, ilimbidi ashike ukuta. Baadaye ilipungua kuuma. Baadaye tena, akiwa amepanga foleni na mtungi wake, alijikuta anangoja lile jina liitwe, apate kulisikia likiitikiwa. Rajabu mwenyewe hakurudi. Wala kati ya wale watano wa gogoni hakurudi hata mmoja, na majina yao huku uwandani hakuna aliyeyapata, maana hawakuwa watu wa hapa.

Njiani walirudia heshima yao: yeye mbele, Muharami nyuma, kikohozi kwenye kona. Wanawake wengine hawakucheka tena. Wawili kati yao waume zao walianza kushuka bondeni, wakisingizia kwamba wanakwenda kutazama mitego.

Stamili alijifungua mchana mmoja wa kiangazi, upepo unavuma kutoka upande wa Ruvuma. Uzazi ulikuwa mrefu, kwa kuwa mwili wake haukuwa na akiba. Mwanaheri alimshika mgongo, Mama Stamili alipokea. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, amekunjamana, lakini alilia kwa hasira, na wote wawili waliposikia hasira ile walipumua.

Muharami alikuwa nje nyuma ya ukuta, pale pale pa siku zote. Kwa desturi mtu mwingine ndiye angempelekea baba habari, na baba angemwona mtoto siku ya kutolewa nje. Mwanaheri alinyoosha mikono amchukue mtoto, amuoneshe baba yake kwa mbali mlangoni.

"Ngoja," alisema Mama Stamili.

Alimfunga mtoto vizuri. Akatoka naye, akazunguka ukuta. Muharami alimwona akaruka kando kuingia majanini, uso ameugeuza.

"Kaa," alisema mama mkwe wake.

Akakaa chini, macho ardhini. Mama Stamili naye alitazama pembeni, upande wa mihogo, kama mtu mwenye adabu zake. Lakini hakumweka mtoto chini ili baba yake amwokote. Alinyoosha mikono yake miwili, akangoja mpaka mikono ya kijana yule ilipokuja chini ya yake, akampa.